Mkono wa Farrokh Bulsara

Mwaka 1969 chuo cha sanaa cha Ealing, magharibi mwa London, kilimpa stashahada ya usanifu wa michoro kijana wa miaka 22 aliyezaliwa Zanzibar. Aliitwa Farrokh Bulsara, ingawa wenzake walikuwa wamezoea kumwita Freddie. Hakuwa na kazi ya kudumu wala bendi yenye jina. Alikuwa na mkoba wa michoro na imani kubwa kuliko mfuko wake. Stashahada ile ndiyo elimu ya juu pekee aliyoipata maishani, na ilikuwa ya kuchora.

Mwaka uliofuata alijiita Mercury, na tangu hapo habari zake zimesimuliwa kwa sauti yake: koo lile, uwanja wa Wembley, mamilioni ya sahani za santuri. Mwimbaji akamfunika mchoraji. Mimi nataka kumsimulia kuanzia mkononi.

Nayaandika haya Iyula, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, ambako Zanzibar ni mbali na London ni mbali zaidi. Hata hivyo mtu wa namna yake namwona hapa kila wiki. Kijana anayepiga gitaa la besi kwenye kwaya Jumapili, Jumatatu unamkuta juu ya ngazi akichora bango la kinyozi: kichwa cha mteja, mashine, bei za watoto na za wakubwa. Gitaa na brashi vimo katika mkono uleule. Bado wazazi wake, kwa kumpenda, wanamuuliza ni lini atatafuta kazi. Swali hilo liliulizwa pia katika nyumba ya akina Bulsara.

Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, mjini Unguja. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu wakati wa Waingereza. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, wenye asili ya Gujarat, na jina la ukoo wao linatokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi unaitwa Valsad. Jamii yao Unguja ilikuwa ndogo mno, lakini ilikuwa na hekalu lake la moto na makaburi yake. Mtoto alipofika miaka minane wazazi walimpeleka India, katika shule ya bweni ya Mtakatifu Petro huko Panchgani, milimani kusini-mashariki ya Bombay. Huko ndiko Farrokh alikogeuka Freddie. Alisoma piano, akacheza tenisi ya meza, akapigana masumbwi, na pamoja na wanafunzi wenzake akaunda bendi iliyoitwa The Hectics. Na alichora sana. Waliosoma naye wanamkumbuka kwa mambo hayo mawili, piano na penseli.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Tarehe 10 Desemba mwaka huo Zanzibar ilipata uhuru, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakaung'oa utawala wa Sultani. Damu ilimwagika, na maelfu ya watu wenye asili ya Uarabuni na Asia wakaondoka visiwani. Bomi alikuwa mtumishi wa serikali iliyokwisha kuondoka. Familia ikafungasha masanduku, ikaenda Uingereza, ikapanga Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Farrokh alikuwa na miaka 17. Unguja walikuwa na wasaidizi nyumbani na heshima ya ofisi. Feltham walianza upya, na kijana mwenyewe wakati wa likizo akifanya vibarua pale Heathrow.

Wazazi waliohama namna hiyo hutaka mtoto ashike kitu kisichoyumba, sheria au uhasibu. Freddie akachagua kuchora. Alipita kwanza katika chuo cha Isleworth kutafuta cheti cha sanaa kilichohitajika, na Septemba 1966 akaingia Ealing. Alianza na ubunifu wa mavazi, kisha akahamia usanifu wa michoro: mabango, herufi, nembo, majalada, yaani kazi ya kumfanya mtu asimame mbele ya picha kabla hajaamua kusimama. Mwezi huohuo, tarehe 24 Septemba, Mmarekani mweusi mpiga gitaa aliyeitwa Jimi Hendrix alitua London. Freddie alimwona jukwaani mara nyingi na hakuchoka kumchora. Wenzake wa chuoni wamesimulia jinsi Hendrix alivyojaa katika karatasi zake: nywele, koti la kijeshi, vidole. Ukitaka kujua mwimbaji yule alijifunza wapi namna ya kusimama mbele ya watu, tazama alichokuwa anakichora. Mtu hawezi kuchora mwili wa mwenzake mara nyingi hivyo bila mwili wake mwenyewe kujifunza kitu.

Hapa nisimame kidogo nieleze vile vyuo vya sanaa, maana bila kuvielewa muziki wa mwamba (rock) wa Uingereza haueleweki. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza ilikuwa na vyuo vya sanaa katika miji mingi, na vilimpokea kijana aliyefeli hesabu na sayansi ili mradi mkono wake ulijua kuchora. Mtoto wa mfanyakazi wa kawaida alipata humo miaka mitatu au minne ya kuwaza, kubishana na kujaribu. Wengi wakatoka na magitaa. John Lennon aliingia chuo cha sanaa cha Liverpool mwaka 1957. Keith Richards alisoma Sidcup. Pete Townshend na Ronnie Wood walipita Ealing ileile kabla ya Bulsara. Townshend alimsikia huko msanii Gustav Metzger akieleza sanaa inayojiharibu yenyewe, na mwaka 1964 akaanza kuvunja magitaa jukwaani. Wood mpaka leo anachora, na picha zake zimetundikwa katika kumbi nyingi za maonyesho.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Stuart Sutcliffe, mwanafunzi mwenzake Lennon pale Liverpool. Walimu walimwona ndiye mchoraji bora wa rika lake. Mwishoni mwa mwaka 1959 turubai lake moja lilikubaliwa katika maonyesho ya John Moores, yaliyofanyika Walker Art Gallery, na tajiri John Moores mwenyewe akalinunua kwa pauni 65. Kwa kijana wa miaka 19 zilikuwa fedha nyingi. Lennon na Paul McCartney walihitaji mpiga besi. Sutcliffe hakujua kupiga besi, ila sasa alikuwa na fedha za kununua moja. Akanunua Höfner. Hivyo ndivyo Beatles walivyopata mpiga besi wao wa kwanza, kutoka kwenye ukuta wa maonyesho ya picha. Alikwenda nao Hamburg mwaka 1960, na mwaka uliofuata akaliacha gitaa akabaki hukohuko kuchora, mwanafunzi wa Eduardo Paolozzi. Tarehe 10 Aprili 1962 alikufa kwa kuvuja damu katika ubongo, akiwa na miaka 21. Beatles walikuwa bado hawajatoa santuri hata moja kwa jina lao nchini kwao. Picha zake za miezi ile ya mwisho Hamburg ni nzito na nyeusi, rangi juu ya rangi, na wanaozijua wanazihesabu kuwa kazi ya mchoraji kamili.

Lennon naye alirudi kwenye penseli. Tarehe 15 Januari 1970 picha zake 14 za chapa ya jiwe, alizoziita Bag One, zilianza kuonyeshwa katika London Arts Gallery, mtaa wa New Bond Street. Nyingine zilimwonyesha yeye na mkewe Yoko Ono faraghani. Kesho yake polisi wakaingia na kuchukua nane, wakidai zinavunja maadili. Aprili hakimu akaitupa kesi. Naomba msomaji aukumbuke mtaa huo, tutaupitia tena.

Bulsara wakati huo alikuwa na kibanda. Yeye na rafiki yake Roger Taylor, mpiga ngoma, walipanga sehemu katika soko la Kensington, na bidhaa zao za kwanza zilikuwa michoro: yake na ya wenzake wa Ealing. Michoro haikuwalipa kodi, wakageukia nguo za mitumba na makoti ya manyoya. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yake ya kwanza ya biashara, ukuta wa kibanda, kati ya wauza viatu. Hendrix alipofariki tarehe 18 Septemba 1970, wawili hao walifunga kibanda kwa heshima yake.

Taylor alikuwa na bendi pamoja na Brian May, mwanafunzi wa fizikia ya nyota, na mwimbaji wao Tim Staffell alikuwa amesoma Ealing na Freddie. Staffell alipojitoa mwaka 1970, Freddie akaingia. Akaipa bendi jina, Queen. Akajipa mwenyewe jina, Mercury. Mwaka 1971 akaja mpiga besi John Deacon, na kundi likatimia. Kisha Freddie akafanya jambo ambalo waimbaji wengine wangemlipa mtu awafanyie: akakaa chini akachora nembo.

Nembo hiyo imeenea duniani kuliko picha nyingi zilizomo katika makumbusho, na wanaoivaa kifuani wengi hawajui nani aliichora. Katikati ipo herufi Q yenye taji ndani yake. Simba wawili wameishika huku na huku, kwa ajili ya Deacon na Taylor, waliozaliwa chini ya nyota ya Simba. Juu ya Q yuko kaa, nyota ya May. Chini wamo mabinti wawili wa kichawi, nyota ya Mashuke, ambayo ni yake mwenyewe. Juu ya wote ndege mkubwa, finiksi, amekunjua mabawa kuwafunika. Imepangwa kama ngao ya kifalme ya Uingereza, nchi iliyotawala Zanzibar alikozaliwa na India alikosomea. Mtoto wa mtunza fedha wa mahakama ya wakoloni aliichukua alama ya ufalme wao, akawatoa wafalme, akawaweka humo vijana wanne wasio na senti. Naiona kuwa kazi ya kujiamini kupita kiasi, na yenye nidhamu ya darasani pia: kila kiungo kimesimama mahali pake, na ukikiondoa kimoja ngao inaanguka.

Machi 1974 ilitoka santuri yao ya pili, Queen II. Badala ya kuzigawa pande zake kwa herufi A na B, waliziita Upande Mweupe na Upande Mweusi. Nyimbo zote za Upande Mweusi ni za Mercury. Picha ya jalada ilipigwa na Mick Rock: nyuso nne zikitoka gizani, mpangilio uliochukuliwa kutoka picha ya zamani ya mwigizaji Marlene Dietrich. Mwaka mmoja na nusu baadaye nyuso zilezile ziligeuzwa kuwa filamu ya wimbo wa Bohemian Rhapsody, na biashara ya muziki ikajifunza kwamba wimbo unaweza kutazamwa.

Na katika Upande Mweusi kuna wimbo ambao ni picha. Nautaja kwa jina lake, The Fairy Feller's Master-Stroke, kwa sababu ni jina la turubai la Richard Dadd lililomo katika jumba la Tate, London. Dadd alikuwa mchoraji kijana mwenye kipaji aliyesafiri mpaka Misri na Syria mwaka 1842, akarudi akili ikiwa imeharibika. Mwaka 1843 alimuua baba yake. Alifungiwa hospitali ya Bethlem na baadaye Broadmoor mpaka kifo chake. Huko ndani, kati ya mwaka 1855 na 1864, aliichora picha hii, ndogo, yenye urefu wa sentimita 54 na upana usiofika 40. Imejaa. Majani ya nyasi yamekatiza mbele ya macho ya mtazamaji kana kwamba amelala kifudifudi shambani, na katikati ya nyasi wamo watu wadogo wa kichawi, makumi yao, kila mmoja na vazi lake na shughuli yake. Wote wanamsubiri mmoja aliyeinua shoka apasue kokwa. Shoka halijashuka. Dadd alikaa miaka tisa na shoka hilo hewani.

Mshairi Siegfried Sassoon aliikabidhi Tate mwaka 1963, na Freddie akaigundua. Akawapeleka wenzake wa bendi wakaitazame. Fikiria vijana wenye nywele ndefu, wasio na fedha, wamesimama mbele ya picha ndogo ya mtu aliyefungwa kwa wazimu, na mmoja wao anawaonyesha kwa kidole: yule, na yule, na yule kule nyuma. Kisha akaandika wimbo wenye watu walewale, na studio ikajaza sauti juu ya sauti kama Dadd alivyojaza rangi juu ya rangi, hadi wimbo nao ukakosa nafasi tupu. Upangaji ule wa sauti, tabaka kwa tabaka, ndio uliomfikisha kwenye Bohemian Rhapsody mwaka 1975. Walimu wa muziki hawakumfundisha hayo. Yalitoka katika jicho la mtu aliyezoea kusimama mbele ya turubai na kuhesabu kila kilichomo.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka wetu, kulikuwa na vijana wengine waliolisikia gitaa la Hendrix wakakosa usingizi. Zambia ilikuwa na fedha za shaba, na Rais Kenneth Kaunda aliagiza redio ipige karibu muziki wa nyumbani mtupu. Kukazuka mwamba wa Kizambia, Zamrock: Paul Ngozi, Rikki Ililonga, na kundi la WITCH lake Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa kumfuata Mick Jagger. Muziki wa Zambia haujawahi kuhitaji pasipoti kupita Tunduma, na watu wazima wa huku wanalijua lile gitaa linalokwaruza. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, kisha ukaja UKIMWI. Katika kikosi kile cha awali cha WITCH alibaki hai Chanda peke yake, akaenda kuchimba vito. Nawataja kwa sababu ugonjwa uliowamaliza ndio uliokuwa unamjia yule wa London, na kwa sababu nyumba za Songwe hazihitaji kuelezwa ugonjwa huo ni nini. Barabara kuu ya Tunduma ilitupitishia malori, na malori yalikuja na mengi.

Mwaka 1980 Mercury alinunua nyumba Kensington, Garden Lodge. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mchoraji Cecil Rea na mkewe Constance Halford, mchongaji, kwa hiyo ilikuwa na chumba kirefu chenye madirisha makubwa ya kuleta mwanga wa kuchoria. Humo akaweka piano yake, na kutani akaanza kutundika. Tangu ziara ya kwanza ya Queen nchini Japani mwaka 1975 alikuwa ameipenda sanaa ya nchi ile: kimono, sanduku za laka, vyombo vya kauri, na hasa chapa za mbao. Mojawapo ni ya Hiroshige ya mwaka 1857, watu wakikimbia darajani chini ya mvua ya ghafla, chapa ileile ambayo Vincent van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta. Zilikuwemo chapa za Picasso na Matisse pia. Hakuwa mtu wa kununua ili watu waseme amenunua. Alipanga picha, akazipangua, akabadilisha ukuta, kama mwanafunzi wa Ealing anayeandaa kazi ya kusahihishwa.

Alipojua kwamba anakufa hakuacha kununua. Kiasi cha mwezi mmoja kabla ya mwisho, mwaka 1991, alipata turubai la James Tissot la mwaka 1880: Kathleen Newton, mwanamke aliyependwa na mchoraji huyo na aliyekufa kwa kifua kikuu akiwa bado kijana. Lilitundikwa sebuleni, na alikuwa akilitazama. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45. Siku ya Krismasi mwaka huohuo rafiki yake Elton John aliletewa kifurushi kilichofungwa katika foronya. Ndani ilikuwemo picha ya Henry Scott Tuke, mchoraji ambaye Elton alimpenda. Freddie aliinunua mnadani akiwa mahututi na kuacha maagizo ifikishwe. Elton mwenyewe amesimulia kwamba alilia.

Sasa turudi New Bond Street. Tarehe 4 Agosti 2023, hatua chache kutoka mahali polisi walipozichukua picha za Lennon, nyumba ya mnada ya Sotheby's ilifungua maonyesho ya vitu vya Garden Lodge. Mary Austin, aliyekuwa mpenzi wa Freddie na kisha rafiki yake wa maisha, aliyerithi nyumba, alikuwa ameamua kuuza. Kiingilio kilikuwa bure. Mpaka tarehe 5 Septemba, siku ambayo marehemu angetimiza miaka 77, walikuwa wameingia watu zaidi ya 140,000, wakipanga foleni barabarani. Humo waliona joho na taji la jukwaani, piano, chapa za Kijapani, Tissot. Waliona pia karatasi za rasimu za nyimbo zake, na katika ile ya Bohemian Rhapsody watu wakasoma kwamba mwanzoni aliuandika wimbo huo kwa jina la Mongolian Rhapsody, akalikata. Karatasi yenyewe ilikuwa ya shirika la ndege la British Midland.

Kesho yake minada ikaanza. Usiku wa kwanza ulileta pauni milioni 12.2. Piano ilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni 1.7, rasimu ile kwa karibu milioni 1.4, na hata mlango wa kijani wa bustani, uliojaa maandishi ya wapenzi wake, ukauzwa kwa zaidi ya pauni 400,000. Minada yote ilipokwisha jumla ilikaribia pauni milioni 40, na sehemu ya fedha hizo ikaahidiwa mifuko miwili ya kupambana na UKIMWI, wa Mercury Phoenix na wa Elton John. Brian May aliandika kwamba hawezi kutazama vitu vya rafiki yake vikipigwa nyundo. Namwelewa. Nyumba aliyoipanga mtu mmoja kwa miaka zaidi ya kumi, ukuta kwa ukuta, ilikaa pamoja mbele ya macho ya watu kwa mwezi mmoja tu, kisha ikasambaa kwa wanunuzi wa nchi kadhaa wala haitarudi.

Naamini maonyesho yale yalikuwa picha yake kubwa kuliko zote. Michoro ya Hendrix iliuzwa kibandani kwa bei ya chakula. Nembo ilibaki kwenye fulana. Lakini katika vyumba vile vya Sotheby's watu waliuona mkono ukifanya kazi: mtu aliyechagua rangi ya ukuta kwa ajili ya chapa moja, aliyejua Tissot akae wapi ili mwanga umfikie. Jicho lile lililelewa Unguja, Panchgani na Ealing, na wala halikustaafu siku alipochukua maikrofoni.

Zanzibar ilichelewa kumkubali. Mwaka 2006, ambao angetimiza miaka 60, kundi la Kiislamu la Uamsho lilipinga sherehe iliyopangwa ufukweni kwa heshima yake. Hata hivyo tarehe 24 Novemba 2019 yakafunguliwa makumbusho yake Shangani, katika jengo ambamo familia iliishi, kwa kazi ya mpiga picha Javed Jafferji na wenzake na kwa ushirikiano wa kampuni ya Queen. Ukifika Unguja, ingia. Tazama picha za mtoto aliyevaa kaptura, kisha itafute ile nembo na uitazame kama kazi ya kuchorwa kwa mkono, mstari kwa mstari.

Ealing yetu sisi ipo Bagamoyo. Chuo cha sanaa kilichoanzishwa huko mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kinafundisha muziki, ngoma, maigizo na sanaa za ufundi mahali pamoja, kwa hiyo anayepiga marimba hukutana na anayechora kwenye ua mmoja. Kutoka Iyula ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na vijana wengi wa hapa hawajawahi kuambiwa kwamba kipo. Katika shule za msingi, mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo. Somo limeandikwa, lakini karatasi, rangi na mwalimu wa kulifundisha ndivyo vinavyotafutwa.

Basi naleta ombi langu kwa walimu wa Iyula na kwa Halmashauri ya Mbozi pale Vwawa. Msimu wa kahawa ukiisha na fedha zikiwa bado mikononi mwa watu, tengeni ukumbi mmoja kwa wiki moja. Waiteni wachora mabango na watoto wa shule walete kazi zao, zitundikwe ukutani kwa majina yao kamili, ziwekewe bei, na jioni waleteni wapiga magitaa wa kwaya wapige katika ukumbi huohuo. Wengi wao mtawakuta ni walewale. Nanyi wazazi, njooni na fedha ya kununua picha moja.